Mdogo wangu kaanguka paredi akatetemeka, shule wanasema kifafa. Kuzimia na kifafa unatofautishaje?

#1 Kaka wa Kilosa
Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu wa kike yuko kidato cha pili, bweni. Jumatatu asubuhi wakiwa paredi kaanguka. Kwa maelezo ya matroni walikuwa wamesimama mda mrefu mkuu wa shule anatoa matangazo, binti akapepesuka, akakakamaa, mikono ikawa inarukaruka na macho yamegeuka yanaonekana meupe tu. Matroni kasema moja kwa moja hicho ni kifafa, zahanati ya jirani wakampa vidonge, na sasa shule wananiambia nije nimchukue mpaka nilete barua ya daktari kwamba "hawezi kuwadhuru wenzake". Bibi yetu naye toka jana anasema mtoto kuna kitu kakanyaga. Mimi nilijua aliyezimia analala kimya kama gunia, wa kifafa ndo anarusha miguu. Ni kweli au nadanganyika? Mwenye uelewa anisaidie, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

#2 Chapati Mbili
Nimekaa siti ya mbele kabisa.

#3 Mzee wa Kisomo
Hilo la hospitali utazunguka tu mkuu. Msichana, bweni, asubuhi, mbele ya watu, macho meupe. Umeuliza hiyo shule imejengwa juu ya nini? Shule nyingi hizi zimekaa juu ya makaburi ya watu. Bibi yako ameona mengi kuliko hao wa zahanati. Mtafutie kisomo kwanza.

#4 Nesi wa Zamu
Pole Kaka wa Kilosa. Hiyo ya gunia iondoe kichwani. Mtu aliyezimia kawaida tu, yani damu imepungua kwenda kichwani kwa sekunde kadhaa, anaweza kukakamaa, akarukaruka mikono na macho yakageuka juu vizuri kabisa, sisi kazini tunaona hata kwa mtu anayetolewa damu ya kupima. Angalia kabla na baada. Kabla, wa kuzimia mara nyingi anajisikia, kijasho chembamba, kichefuchefu, macho yanaingia kiza, masikio yanavuma, midomo inapauka, na kuna sababu unaiona, kasimama sana, jua, njaa, kaona damu, kaogopa sindano. Kule kurukaruka ni sekunde chache tu basi. Akishalala chini damu inarudi, anafungua macho na anajua yuko wapi hata kama amechoka.
Wa kifafa kile kikubwa anakakamaa mwili mzima, wengine wanatoa mlio mmoja wa ajabu hivi, halafu anapigapiga kwa mpangilio dakika moja mpaka tatu, mdomo unakuwa wa bluu, anakoroma, na akitulia hakujui. Dakika kumi, nusu saa, anakuangalia kama mgeni, anataka kulala. Ulimi akiung'ata huwa pembeni, sio kwenye ncha. Muulize matroni mtoto alipofumbua macho alisema nini, hilo lina uzito kuliko kutetemeka.

#5 Kaka wa Kilosa
Asante dada nesi. Nimempigia matroni sasa hivi. Anasema hakuona alipofumbua macho, alikuwa amekimbilia jikoni kutafuta kijiko cha kumuweka mdomoni.

#6 Fundi Redio
Kijiko tena!! Jamani mimi nina kifafa toka darasa la nne, na hili jino langu la mbele ni la bandia sababu ya kijiko cha uji cha mwalimu wa zamu. Kifafa hakijawahi kunivunja jino, kijiko ndo kimenivunja. Na mwalimu mwenyewe mpaka leo kidole chake cha shahada kina kovu la meno yangu, tukikutana ananionyesha tunacheka. Ulimi haumezwi, wekeni hilo kichwani. Mlaze mtu kiubavu, toa mawe na meza karibu, legeza kola, angalia saa, zikipita dakika tano bado anapiga ndo kimbizeni hospitali. Basi.
Sasa kwa upande wangu inavyokuja, nasikia harufu ya mpira unaungua, hakuna mpira wala moto, sekunde chache tu, halafu sijui kitu. Nakuja kushtuka nimezungukwa na watu, mwili unauma kama nimebeba magunia siku nzima, mke wangu namuuliza we nani. Siku moja nimemuuliza hivyo mbele ya mama yake, kesi ilichukua wiki mbili. Nalala mpaka jioni. Aliyezimia hapitii hayo, dada nesi yuko sahihi. Ila watu wanasema ukijikojolea ndo kifafa, mimi miaka yote hii nimejikojolea mara moja tu.

#7 Nesi wa Zamu
#6 umenisaidia. Mkojo hautofautishi kitu, hata wa kuzimia kama kibofu kimejaa anajikojolea.

#8 Dereva wa Usiku
Kwenye mkojo hapo mmenigusa. Mimi mwaka juzi nimeamka saa nane usiku nimepiga bia zangu nne jioni, nimesimama chooni najisaidia haja ndogo, nusu tu sijamaliza nikaona giza. Nimekuja kushtuka kichwa kiko kwenye ndoo na mke anapiga kelele majirani waje. Nyumba nzima wakasema nimerogwa na dereva mwenzangu tuliyegombea ruti. Daktari akacheka, akasema ni kitu kinajulikana, umetoka kwenye joto la kitanda umesimama ghafla, pombe imelegeza mishipa, kibofu kinapotoka presha inashuka. Ushauri wake, usiku nikojoe nimekaa.

#9 Chapati Mbili
Hahahaha mwanaume mzima na lori lake la tairi kumi na nane anachuchumaa.

#10 Dereva wa Usiku
Bora nichuchumae nikiwa hai, we endelea kusimama.

#11 Mnyakyusa wa Mjini
Ongezeni na kitimoto. Kwetu huko wanakofuga nguruwe kifafa kipo kingi mno, ukila nguruwe minyoo inapanda kichwani. Huyo binti shuleni wanapika nini?

#12 Bwana Mifugo
Hapo #11 umeshika mkia ukaacha ng'ombe. Kazi yangu ndo hiyo ngoja nieleze. Ukila nyama ya nguruwe yenye vile vilengelenge na haijaiva, unapata mnyoo tegu wa utumbo. Anakaa tumboni, ni mrefu kweli, lakini hapandi kichwani. Yule wa kichwani anatokana na MAYAI, na mayai yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Mtu hajanawa, kakupikia, au mboga imemwagiwa maji machafu, wewe unameza mayai, yanaanguliwa yanasafiri na damu mpaka kwenye ubongo yanajenga vifuko, hapo ndo degedege na kifafa ukubwani. Kwa hiyo mtu anaweza asiguse kitimoto maisha yake yote na akapata, ilimradi mpishi ana tegu na hanawi. Choo na sabuni kwanza.

#13 Ustaadhi Mtulivu
Subhanallah. Yani nimejizuia miaka hamsini halafu inanifuata kwenye kachumbari.

#14 Mwana wa Mahenge
Nimesoma yote sijaona mtu katutaja. Mnaongea kifafa bila Mahenge? Kwetu huko wilaya ya Ulanga ugonjwa huu umekuwepo wingi toka enzi za babu zetu. Kuna daktari mwanamama mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alifika mwanzoni mwa miaka ya 60 akaanzisha kliniki ya kifafa pale pale Mahenge, na ndo aliyeandika kuhusu watoto wanaosinzia kichwa, mtoto yuko anakula ugali kichwa kinashuka kinapanda, kinashuka kinapanda, kama anaitikia maswali ya mtu usiyemuona. Baadae Uganda ya kaskazini na Sudan Kusini nao wakawa na watoto hivyo hivyo. Maeneo hayo yote yana mito ya maji ya kasi na wale nzi weusi wanaoeneza usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaopofusha macho. Ndo maana tunanyweshwa Mectizan, dawa ya usubi, siku hizi mara mbili kwa mwaka. Jinsi usubi unavyoleta kifafa wataalamu bado wanavutana, ila panapokuwa na usubi mwingi na kifafa kinakuwa kingi, hilo wamelipima sehemu nyingi.
Niongezee na hili maana limeniuma kwenye #1, "hawezi kuwadhuru wenzake". Kwetu mtu akianguka watu walikuwa wanakimbia, mate yake yanaambukiza, akijamba wakati wa kuanguka ukasikia ile harufu umekwisha. Shangazi yangu aliangukia moto wa kupikia watu wanne wamesimama mita mbili wanamuangalia. Mkono wake wa kushoto vidole vimeshikana mpaka leo, sufuria anashika kwa kiganja. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa ushuzi. Huyo mkuu wa shule mwambie hivyo, na neno ushuzi mwambie hivyo hivyo.

#15 Chapati Mbili
Nilitaka kucheka kwenye ushuzi, nilipofika kwa shangazi nimeacha. Pole mkuu.

#16 Kiungo Mkabaji
Naingilia na mpira kidogo ila iko kwenye mada. Mnamkumbuka Marc-Vivien Foé, yule kiungo wa Kameruni? 26 Juni 2003, Lyon, nusu fainali Kombe la Mabara, Kameruni na Kolombia, dakika ya 72 jamaa yuko katikati ya uwanja hajaguswa na mtu anaanguka tu. Tulikuwa kibanda umiza kwa Mangi kila mtu akasema kazimia jua, kuna mzee mmoja akasema kifafa hicho. Kumbe moyo, misuli ya moyo ilikuwa imenenepa na hakuna aliyejua, akafariki. Halafu Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, 17 Machi 2012 Tottenham na Bolton, moyo haukupiga wenyewe dakika 78 na akapona, alistaafu mpira tu. Christian Eriksen wa Denmark, 12 Juni 2021 wakicheza na Finland, nae hivyo hivyo, akawekewa kifaa kifuani akarudi kucheza Uingereza. Swali langu kwa Nesi, hawa wakianguka wanaonekanaje tofauti na huyo binti? Maana kwa macho mtu anaanguka tu.

#17 Nesi wa Zamu
Kiungo, swali zuri na ndo hasa linalotutisha. Moyo ukisimama ghafla ubongo unakosa damu, kwa hiyo mtu anaweza kukakamaa na kurukaruka sekunde za mwanzo, watu wanasema kifafa wanasubiri kiishe, na dakika za kumkandamiza kifua zinapita. Akianguka mtu, haamki, hahemi au anahema kwa kukwama kama anakoroma kwa mbali, usisubiri, anza kukandamiza kifua na watu waite msaada.
Sasa Kaka wa Kilosa nina maswali. Alikuwa amekula? Alijisikia vipi kabla? Kuna mtu kwenye ukoo alikufa ghafla akiwa kijana? Ameshawahi kuanguka akikimbia, akiogelea, au akiwa amelala? Akizimia katikati ya mazoezi au bila dalili yoyote kabla, hiyo siichezei, inataka ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na sio ghali kihivyo.

#18 Kaka wa Kilosa
Nimeongea nae mwenyewe leo kwa simu ya matroni. Hakunywa uji, alikuwa kwenye siku zake na tumbo linauma. Anasema aliona vinyotanyota, masikio yakavuma kama yuko ndani ya pipa, akamwambia rafiki yake "nishike". Rafiki na mwenzake wakamshika huku na huku wakamsimamisha ili asianguke mbele ya mkuu wa shule maana mkuu ni mkali. Walimsimamisha hivyo mpaka akaanza kutetemeka, ndo wakamwachia.
Kuhusu ukoo, mjomba wetu alifariki uwanjani akicheza mechi ya vijiji, alikuwa na miaka 24. Ilisemekana timu pinzani walifanya mambo yao. Na huyu binti utotoni alipata degedege mara mbili akiwa na homa.

#19 Chapati Mbili
Mkuu unatoa habari mafungu mafungu kama dagaa wa sokoni. Mjomba kafa uwanjani unakuja kusema kwenye #18??

#20 Kaka wa Kilosa
Nilijua ya mjomba ni uchawi, sikujua inahusiana.

#21 Nesi wa Zamu
Hao marafiki walikuwa na nia njema ila ndo waliomtetemesha. Mwili unamwangusha mtu ili kichwa kiwe sawa na moyo damu ifike. Ukimshikilia wima umeifungia njia damu, anazidi kukosa, anaanza kurukaruka. Ndo maana hata kwenye kiti cha daktari wa meno au siti ya basi mtu akizimia amekaa anatetemeka zaidi. Mlaze, miguu inua. Na kwenye gwaride wale wanaosimama magoti wamekaza ndo wanaoanguka, misuli ya ndama ya mguu ndo inasukuma damu kurudi juu, usipoitikisa damu inajaa miguuni.
Kwa wanaosema kutetemeka lazima kifafa, Ujerumani 1994 watafiti waliwazimisha watu wazima wenye afya zao, kwa hiari yao, huku wanarekodi video. 42 walizimia kabisa, na karibu tisa katika kila kumi walirukaruka misuli. Hakuna hata mmoja mwenye kifafa pale.
Kwa hiyo mimi nasema kuzimia kwa kawaida. Ila kwa ajili ya mjomba ECG ifanyike wiki hii.

#22 Tabibu Mchovu
Dada nesi nakuheshimu ila umefunga faili mapema. Kuna kifafa cha vijana kinaanza umri huo huo wa kidato cha kwanza mpaka cha nne, na kinapenda ASUBUHI, hasa mtu akiwa hajalala vizuri. Dalili yake ya kwanza watu hawaijui kama ni kifafa, mikono inashtuka ghafla mara moja mbili, kikombe kinaruka, mswaki unaruka, wanamwita mzembe. Anakaa hivyo miezi, siku moja ndo anaanguka kikubwa. Kaka wa Kilosa muulize kama alfajiri huwa anaangusha vitu. Na dawa aliyopewa inaitwaje? Kama ni kabamazepini na kifafa ni hicho, inaweza kukizidisha badala ya kukipunguza. Na valproeti kwa binti usikubali kirahisi, ina madhara kwa mimba ya baadae.
Kingine, kile kipimo cha umeme wa ubongo kikitoka safi haimaanishi hana kifafa. Nimeona wagonjwa watatu wa kuanguka kabisa kipimo kinasema hana kitu.

#23 Fundi Redio
#22 kweli, mimi cha kwanza kilitoka safi, baba akaenda kusherehekea, wiki hiyo hiyo nikaanguka kanisani.

#24 Kadzo wa Kilifi
Hodi hapa. Nimeona degedege yatajwa. Sisi huku twaita nyuni, wazee wasema ni ndege apita usiku amshtue mtoto, na hata hilo neno lenu degedege silo ndege? Mtoto wa dada yangu alishikwa akiwa mwaka na nusu, nyanya akamfukiza, akamfunga hirizi, walipomfikisha hospitali ilikuwa malaria ya kichwani, alilala siku mbili hajijui. Degedege ya homa tupu ile ya dakika chache, mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, wengi hawapati kifafa baadaye. Lakini ile ya malaria kali na mtoto kuzimia sana ndiyo huacha alama, huyu wetu sasa ana miaka kumi na ameanza kuanguka. Hivyo uliza mamake ilikuwa ya aina gani.

#25 Mama Wawili
Mie nina la tofauti. Shule ya binti yangu, sitaitaja, wasichana walianza kuanguka mmoja, kesho watatu, wiki inayofuata kumi na kitu. Wanapiga kelele, macho wameyafumba wameyabana, wanatupa kiuno, dakika ishirini nusu saa, wanatulia kidogo wanaanza upya. Wachungaji wamekuja, mashehe wamekuja, bweni limenyunyiziwa chumvi. Binti yangu nae alikuwemo. Daktari mmoja kijana ndo aliniambia, mama angalia macho, kwenye kifafa na hata kuzimia mara nyingi macho yako wazi, hawa wameyabana na ukijaribu kuyafungua wanakaza. Akasema hawaigizi, mwili unasema kitu ambacho mdomo umeshindwa. Kumbe kulikuwa na mwalimu anawasumbua, sitasema zaidi. Alipohamishwa hakuna aliyeanguka tena.
Na hii ina historia nchini kwetu. Kashasha, Bukoba, 30 Januari 1962, wasichana walianza kucheka na kulia wakashindwa kuacha, 95 kati ya 159, shule ikafungwa mwezi wa tatu, ikasambaa mpaka vijiji vingine. Watu wanasimulia kama kichekesho, ila walioandika wanasema watoto walikuwa wanateseka.

#26 Mzee wa Kisomo
Mama Wawili, na hicho kilichomsukuma huyo mwalimu ni nini kama sio shetani? Mimi sijasema wasiende hospitali. Nasema na kisomo kiwepo.

#27 Mama Wawili
Kisomo kilikuwepo wiki tatu mzee wangu. Mwalimu nae alikuwa anahudhuria.

#28 Chapati Mbili
Aisee.

#29 Baba Mapacha
Napita tu, kwa wenye wajawazito. Mke wangu miezi saba alisema kichwa kinauma, anaona vimulimuli, uso umevimba, mama mkwe akasema anadeka. Jioni kakakamaa kapiga mateke, watu wanasema kazimia mpepeeni. Ilikuwa kifafa cha mimba, presha imepanda, walimchoma magineziamu na kumpasua usiku ule ule. Mapacha wako chekechea. Mjamzito akikakamaa hakuna kujadili, ni gari.

#30 Bongo Muskat
Niko Oman miaka sita. Huku kiangazi watu wa site wanaanguka sana, joto na maji hunywi, wenye sukari ndo zaidi. Jamaa yangu wa sukari alikuwa anatokwa jasho baridi anaongea maneno hayaeleweki kama mlevi, msimamizi akataka kumfukuza, walipompima sukari ilikuwa 2.1, imeshuka mno, kabla ya glukosi kumaliza kuingia akauliza saa ngapi. Pimeni sukari kwa kila anayeanguka, ni tone moja la damu.

#31 Mnyakyusa wa Mjini
Kwa hiyo mpaka sasa ni njaa, siku zake, moyo wa mjomba, mswaki, nyuni, mwalimu, usubi, sukari na kachumbari ya Ustaadhi. Kaka wa Kilosa umepata jibu hahaha.

#32 Kaka wa Kilosa
Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya, nilikuwa safarini nimeenda kumchukua. Nimekaa nae stendi tunasubiri gari masaa matatu na ndo ameongea.
Kwanza, hii haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa tatu alianguka darasani baada ya kutangazwa matokeo ya majaribio na kugombana na rafiki yake, yeye anasema hakumbuki vizuri, wenzake walimwambia alilala dakika ishirini macho amefumba na wasichana wengine wawili nao wakaanguka. Shule hawakuniambia.
Pili, nimemuuliza ya Tabibu. Kikombe hapana. Ila mswaki umeshamruka mkononi mara mbili, alfajiri, baada ya prepu ya usiku, na mara moja ndoo. Nilipouliza mwalimu yeyote anamsumbua amesema hapana, ila alisema haraka sana.
Tatu, ECG tumepiga jana. Daktari kasema inaonekana sawa ila kwa habari ya mjomba anataka apimwe na ile ya kuangalia misuli ya moyo, akaniuliza mjomba alianguka vipi. Nimempigia bibi. Bibi kasema alikuwa anakimbilia mpira, hakupepesuka, alianguka kama mti. Bibi akanyamaza kidogo akauliza, "Kwani moyo nao unarithiwa?"
Dawa aliyopewa zahanati ni fenobabitoni. Amekunywa siku tisa, anasinzia kutwa.

#33 Tabibu Mchovu
Mswaki na ndoo. Nimesema.

#34 Nesi wa Zamu
Mswaki unaweza kumtoka mtu yeyote saa kumi na moja alfajiri mwenye usingizi, Tabibu. Na la darasani ni la Mama Wawili kabisa, la paredi ni la kuzimia. Mtu mmoja anaweza kuwa na aina mbili za kuanguka, wapo wenye kifafa cha kweli na hicho kingine cha mawazo kwa pamoja. Kaka wa Kilosa fenobabitoni usimkatishe mwenyewe ghafla, ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege hata kama hakuwa nayo, mrudishe kwa daktari huyo huyo wa ECG aamue namna ya kuipunguza.

#35 Tabibu Mchovu
Anahitaji kile cha umeme wa ubongo, na apimwe akiwa hajalala usiku mzima. Tukutane hapa.

#36 Mama Wawili
Kuhusu kusema haraka sana, usimwache hivyo hivyo mwanangu. Mtafutie dada au shangazi akae nae, wewe ni mwanaume.

#37 Kaka wa Kilosa
Nimekuelewa mama. Shangazi anakuja Jumamosi. Cha ubongo tumepewa rufaa Dar mwisho wa mwezi.

#38 Nesi wa Zamu
Na akianguka tena, mtu mmoja arekodi kwa simu kuanzia mwanzo, sura na macho vionekane. Daktari akiona video ya dakika moja inamsaidia kuliko maneno ya watu kumi waliokuwa wanapiga kelele.

#39 Kaka wa Kilosa
Simu bweni ni marufuku. Nimemwambia matroni, kasema yeye ataandika kwenye daftari.

#40 Fundi Redio
Aandike na saa. Na kijiko akiache jikoni.